Bango Linalomtazama Mchezaji

Oktoba 2006 wapenzi wa gemu za kompyuta Marekani na Ulaya walipata mchezo waliokuwa wakiusubiri kwa hamu, Battlefield 2142, kazi ya studio ya DICE ya Sweden iliyotolewa na kampuni ya Electronic Arts, maarufu kama EA. Hadithi yake inatokea mwaka 2142: dunia imerudi kwenye zama za barafu na majeshi mawili yanapigania ardhi iliyobaki bila kuganda. Waliofungua boksi walikuta diski, kitabu cha maelekezo na kikaratasi ambacho kwa nje hakikuonekana. Kikaratasi kilieleza kwamba ndani ya mchezo kuna teknolojia ya matangazo ya kampuni nyingine, IGA Worldwide. Kompyuta ikiunganishwa na intaneti, teknolojia hiyo ingeandika anwani ya IP ya mchezaji, mahali alipo ndani ya mchezo, muda ambao tangazo limekaa mbele ya macho yake, ukubwa wa tangazo hilo kwenye skrini na pembe aliyolitazamia. Asiyetaka haya, kikaratasi kiliendelea, asiusakinishe wala asiucheze mchezo kwenye kifaa chochote kinachounganishwa na intaneti.

Battlefield 2142 ni mchezo wa vita unaokutanisha hadi watu 64 kwenye uwanja mmoja kupitia intaneti. Kuucheza nje ya mtandao ni kubaki na sehemu ndogo tu ya kitu kilichonunuliwa kwa karibu dola 50. Na maduka mengi ya Marekani hayakuwa yakirudisha fedha za programu ambayo boksi lake limeshafunguliwa, kwa hofu kwamba mtu angenakili diski kisha airudishe. Mnunuzi aliyasoma masharti baada ya kulipa, na kitendo chenyewe cha kufungua boksi ili ayasome kilimwondolea nafasi ya kuyakataa. Ni sawa na mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita, akakuacha uhamishie vyombo vyote, halafu usiku wa kwanza akakuletea mkataba unaosema atakuwa akichungulia dirishani.

Wachezaji walikasirika, na neno lililotumika kila kona lilikuwa moja: programu ya kijasusi. EA ilijibu kwamba teknolojia hiyo haifungui mafaili ya mtu wala haichunguzi kurasa anazotembelea mtandaoni. Kinachochukuliwa ni anwani ya IP, ili ijulikane mchezaji yuko eneo gani, pamoja na taarifa za ndani ya mchezo. Sina sababu ya kudhani kwamba EA ilidanganya. Uzito wa kisa hiki nauona mahali pengine. Kampuni ilisema kweli, tena kwa maandishi, na bado mtu hakuulizwa. Sheria nyingi zilizotungwa miaka ile kupambana na programu za kijasusi zilijengwa ili kumnasa mwongo. Hazikujua la kufanya na msema kweli anayechagua kusema ukweli wake wakati ambao huwezi tena kusema hapana.

Matangazo ndani ya gemu si jambo la jana. Mwaka 1978 Mmarekani Scott Adams alipotoa Adventureland, mchezo wa maandishi matupu, aliingiza humo tangazo la mchezo wake uliokuwa ukifuata. Baadaye yakaja mabango ya pembeni mwa viwanja katika gemu za mpira na za mbio za magari, na hayo hayakumsumbua mtu. Uwanja wa mpira usio na mabango hauonekani wa kweli. Bango la aina hiyo lilichorwa kiwandani, likachomwa kwenye diski pamoja na nyasi na magoli, na likabaki hivyo miaka yote. Lilionwa na mchezaji, lakini lenyewe halikumwona mtu.

Mabadiliko yalikuja na kampuni ya Massive, iliyoanzishwa New York mwaka 2002. Wazo lake lilikuwa kuacha nafasi tupu ukutani ndani ya mchezo, kisha kuijaza kupitia intaneti kwa tangazo la wiki hii, la mji huu, la mchezaji huyu. Mwenye bidhaa hulipa kwa idadi ya waliolitazama tangazo, kwa hiyo lazima mtu ahesabu. Na hapo ndipo ukuta unapoota macho. Mchezaji akipita mbio mbele ya bango huku akikwepa risasi, je, ameliona? Akiliona kwa ubavu, kutoka mbali, dogo kama ukucha, hesabu yake inakuwaje? Mwongozo wa upimaji uliotolewa mwaka 2009 na IAB, chama cha biashara ya matangazo ya mtandaoni, ulitaka tangazo lijumlishe sekunde 10 mbele ya mchezaji ndipo lihesabiwe. Mwongozo mpya wa mwaka 2022 umeshusha kipimo hadi sekunde moja mfululizo, nusu ya tangazo ikiwa inaonekana. Kipimo chochote kati ya hivi hakiwezekani bila programu kufuatilia, nukta kwa nukta, mchezaji ameelekeza wapi macho ya mhusika wake. Ile pembe ya kutazamia iliyotajwa kwenye kikaratasi haikuwa udadisi wa mtu. Ndiyo iliyokuwa ikiuzwa.

Mwaka 2005 Massive iliingiza matangazo yake kwenye SWAT 4, mchezo wa kikosi cha polisi, kupitia sasisho lililokuja baada ya watu kununua. Mei 2006 Microsoft ikainunua kampuni hiyo. Na Oktoba 2008, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, waliokuwa wakicheza Burnout Paradise, mchezo wa mbio za magari, waliona barabarani bango lenye picha ya Barack Obama likiwakumbusha kwamba upigaji kura wa mapema umeanza. Kampeni yake ilikuwa imenunua nafasi katika gemu 18, kwa wachezaji wa majimbo 10 tu, yale ambayo kura zilikuwa za kugombaniwa. Wengi walilichukulia tukio lile kama kichekesho cha zama mpya. Mimi naliona kama ushahidi wa wazi kuliko wote wa jinsi mashine hii inavyofanya kazi: vijana wawili wanacheza mchezo mmoja, kwenye barabara ileile ya kubuni, mmoja yuko Ohio na mwingine hayuko, na ukuta unajua tofauti yao.

Turudi kwenye sheria, maana wakati huohuo Marekani ilikuwa katikati ya vita na programu za kijasusi. Kompyuta za majumbani zilikuwa zimejaa vijiprogramu vilivyoingia kwa mlango wa nyuma, vikaandika kurasa alizotembelea mtu na kummiminia matangazo. Machi 2004 jimbo la Utah likawa la kwanza kutunga sheria mahususi. Kampuni ya matangazo ya WhenU ikakimbilia mahakamani, na Juni mwaka uleule jaji akaisimamisha sheria hiyo. California ikafuata, sheria yake ikaanza kutumika Januari 1, 2005. Kisha Oktoba 31, 2005 mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich akaeleza hadharani alichokikuta kwenye mashine yake: CD ya muziki ya Sony BMG ilikuwa imepandikiza programu inayojificha ndani kabisa ya mfumo, kwa jina la kuzuia kunakili. Mtu alinunua nyimbo dukani kwa fedha halali, akaletewa mgeni asiyemwona. Mwaka mmoja baadaye Battlefield 2142 ikaingia sokoni. Waliopiga kelele juu ya kikaratasi walikuwa wameshaumwa na nyoka.

Washington nako, Mary Bono, mbunge wa California, alikuwa amepeleka muswada wa kudhibiti programu za kijasusi katika Baraza la Wawakilishi. Oktoba 2004 ulipita kwa kura 399 dhidi ya 1. Ulipofufuliwa Mei 2005 ukapita kwa 393 dhidi ya 4. Ukarudi tena Juni 2007, ukapita kwa 368 dhidi ya 48. Mara zote tatu ulifia Seneti. Nakiri kwamba muswada huu naupenda kwa jambo moja: uliandika hata swali lenyewe ambalo programu ingepaswa kuliuliza. Kabla haijaanza kukusanya chochote, ingemwambia mtu kwa sentensi fupi, iliyotengwa na maneno mengine yote, kwamba itakusanya na kusafirisha taarifa zake, kisha imuulize kama anakubali. Na mtu angepewa njia ya kukataa palepale. Hakuna kurasa 40 za wanasheria hapo. Mtoto wa darasa la sita angelielewa swali hilo.

Lakini hata ungekuwa sheria, mabango ya gemu yangeweza kupita pembeni yake. Muswada ulihusu taarifa zinazomtambulisha mtu, kama jina, anwani na barua pepe, na rekodi ya kurasa za wavuti alizotembelea. Muda uliosimama mbele ya bango katika mji wa kubuni wa mwaka 2142 si jina wala si ukurasa wa wavuti. Watunga sheria walikuwa wakiwakimbiza wezi wa jana. Sheria ya California ilikuwa na pengo la namna nyingine: ilikataza kukusanya taarifa kwa njia za udanganyifu wa makusudi. Kikaratasi cha ndani ya boksi kingesimama mbele ya hakimu na kusema, mimi nilieleza kila kitu.

Na mahakama za Marekani zilikuwa zimeshakitandikia njia. Mwaka 1996, katika kesi ya ProCD dhidi ya Zeidenberg, Jaji Frank Easterbrook wa mahakama ya rufaa aliamua kwamba masharti yaliyomo ndani ya boksi yanambana mnunuzi, mradi ana nafasi ya kuyasoma na kurudisha bidhaa asipoyapenda. Mnunuzi wa ProCD alikuwa na haki hiyo ya kurudisha, na hukumu nzima imesimama juu yake. Miaka kumi baadaye, kwa mnunuzi wa gemu, nguzo hiyo ilikuwa imeng'olewa kimyakimya na utaratibu wa maduka, huku jengo la juu likiachwa limesimama. Masharti yalibaki yakimbana. Nafasi ya kurudisha haikuwepo.

Aliyekuja kulisogeza jambo hili mbele hakuwa mbunge. Ilikuwa FTC, kamisheni ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, na kesi haikuhusu gemu kabisa. Kampuni ya maduka ya Sears ilikuwa ikiwalipa wateja dola 10 wakubali kusakinisha programu ya utafiti. Programu hiyo ilifuatilia karibu kila walichofanya mtandaoni, pamoja na taarifa za akaunti za benki, rekodi za dawa walizoandikiwa na vitabu walivyoazima maktaba. Yote haya yalikuwa yameelezwa kwa ukweli kabisa katika mkataba wa leseni, kuanzia kama mstari wa 75 wa kisanduku cha kushusha kwa kipanya. Mwaka 2009 FTC ilisema huo ni udanganyifu. Jambo zito hivyo, ilishikilia, haliwezi kuzikwa chini ya maandishi na kuitwa taarifa kwa mteja. Chombo chenye nguvu kilikuwa kimetamka kwamba ukweli uliowekwa mahali ambapo hakuna atakayeufikia hauhesabiki. Nimeisoma kesi ile mara nyingi, na kila mara nakiona kikaratasi cha Battlefield 2142 nyuma yake, ingawa hakuna aliyekitaja.

Ulaya walianza na swali lingine, na nadhani lilikuwa bora. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki yanazitaja programu za kijasusi kwa jina, na yanasema kifaa cha mtu ni sehemu ya maisha yake ya faragha, kinachostahili ulinzi. Tangu yaliporekebishwa mwaka 2009, anayetaka kuandika kitu kwenye kifaa chako, au kusoma kilichomo, anatakiwa kupata kwanza ridhaa yako, isipokuwa pale ambapo huduma uliyoiomba haiwezekani bila hilo. Haijalishi kama kinachosomwa ni jina lako au ni namba tupu. Oktoba 1, 2019 mahakama ya juu ya Umoja huo ilithibitisha hivyo katika kesi ya Planet49, kampuni iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni na kuwawekea washiriki kisanduku cha ridhaa kilichokwisha tikiwa. Mahakama ilisema ridhaa ni kitendo cha mtu mwenyewe. Kisanduku kilichotikiwa na mwingine hakina ridhaa ndani yake.

Wenye gemu nao wakafikiwa. Voodoo ni kampuni ya Ufaransa inayotengeneza gemu nyepesi za simu, za kucheza ukiwa kwenye foleni ya benki. Tangu Aprili 2021 simu za iPhone humuuliza mtumiaji kama anaruhusu programu imfuatilie. Aliyekataa katika gemu za Voodoo aliletewa dirisha la pili, la kampuni yenyewe, likimwambia kwamba ufuatiliaji wa matangazo umezimwa. Nyuma ya dirisha hilo, kampuni iliendelea kusoma namba nyingine inayotambulisha kifaa na kuitumia kwa matangazo. Desemba 2022 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, iliitoza faini ya euro milioni 3. Ukiulinganisha utovu huu na ule wa mwaka 2006, kikaratasi kinaonekana cha kiungwana. Kikaratasi hakikumpa mtu nafasi ya kusema hapana. Hapa mtu alipewa nafasi, akasema hapana, akajibiwa kwamba amesikilizwa.

Simu ndiyo imelikuza jambo hili kupita kiasi. Boksi halipo tena, na mara nyingi hata bei haipo. Mtengenezaji wa gemu ya simu huchukua kipande cha programu kutoka kampuni ya matangazo, hukishonea ndani ya gemu yake na kulipwa kadiri matangazo yanavyotazamwa. Wengi wao hawajui kwa undani kipande hicho kinafanya nini. Mwaka 2016 kampuni ya matangazo ya InMobi ilikubali kulipa dola 950,000 baada ya FTC kuituhumu kwamba ilijua mahali walipo mamia ya milioni ya watu kwa kusoma mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu nao, hata pale walipokataa kutoa mahali walipo, na kwamba miongoni mwao walikuwamo watoto. Desemba 2017 gazeti la New York Times likaandika kuhusu Alphonso, programu iliyokuwemo katika gemu zaidi ya 250 kwenye duka la Google. Ilitumia maikrofoni ya simu kusikiliza sauti za televisheni iliyo chumbani, ili ijulikane mwenye simu ametazama matangazo gani. Iliweza kusikiliza hata simu ikiwa mfukoni, mradi gemu inaendelea kufanya kazi kwa nyuma. Baadhi ya gemu hizo zilikuwa za watoto.

Kampuni ya Alphonso ilijitetea kwamba hairekodi mazungumzo ya watu, kwamba matumizi ya maikrofoni yameelezwa, na kwamba mtumiaji huombwa ruhusa. Tuipime ruhusa hiyo. Mtu amepakua gemu ya kuangusha pini kwa tufe. Skrini inamuuliza kama anaruhusu maikrofoni. Haimwambii kwamba ni kwa ajili ya kusikiliza televisheni ya sebuleni kwake. Hilo liko kwenye maelezo marefu ya dukani na katika sera ya faragha. Anabonyeza ruhusu kwa sababu anataka kucheza. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu kikaratasi cha Battlefield 2142, sheria kadhaa zilikuwa zimetungwa katikati, na mtu alikuwa amerudishwa palepale.

Januari 2025 wadukuzi walivujisha taarifa za Gravy Analytics, kampuni ya Marekani inayouza mienendo ya watu, wiki chache tu baada ya FTC kuituhumu kwamba iliuza taarifa za mahali watu walipo bila kuhakikisha wametoa ridhaa. Kwenye orodha ya programu zilizotajwa humo zilikuwamo gemu zinazojulikana dunia nzima, Candy Crush ikiwa mojawapo. Wanahabari na wataalamu waliozichambua taarifa hizo waliona dalili kwamba zilipatikana kupitia mnada wa matangazo. Nafasi nyingi za matangazo kwenye simu hunadiwa kwa kasi isiyofikia sekunde moja, na ili wanunuzi wajue wanagombea nini, hupelekewa maelezo ya kifaa, mara nyingine pamoja na mahali kilipo. Anayeshinda huweka tangazo lake. Walioshindwa huondoka mikono mitupu, lakini maelezo wameshayaona, na kiufundi hakuna kinachowazuia kuyahifadhi. Mtengenezaji wa gemu anaweza asijue lolote. Mchezaji aliulizwa na nani, basi? Ridhaa yake alimpa yupi kati ya makumi ya waliokuwa mnadani?

Huku kwetu mnada huo unafanyika kila jioni, kwenye simu za familia. Mama anarudi nyumbani Mbagala au Kayole kutoka kazini, mtoto anaomba simu, gemu inafunguliwa. Kila baada ya hatua mbili tatu linakuja tangazo la video ambalo haliwezi kurukwa hadi sekunde zake ziishe, au mtoto anaahidiwa sarafu za ndani ya gemu akilitazama lote. Video hiyo inatumia bando lililonunuliwa na mama. Mwenye bidhaa ametangaza, kampuni ya matangazo imelipwa, mtengenezaji wa gemu naye kapata chake, na gharama ya kulisafirisha tangazo hadi kwenye simu imelipwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye makubaliano. Na kila kinachoandikwa kuhusu mwenye simu kinaandikwa kwa jina la mama, wakati anayebonyeza ni mtoto wa miaka saba.

Siandiki kuyapiga vita matangazo. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotengeneza gemu wana haki ya kula kwa jasho lao, na wateja wetu wengi hawana dola 50 za kununua mchezo. Bango la soda pembeni mwa uwanja wa gemu ya mpira linaweza kuwepo bila kumjua mtu yeyote, kama lilivyokuwepo miaka ya nyuma: anayetangaza kwenye gemu ya mpira anajua tayari kwamba anazungumza na wapenda mpira. Ninachokipinga ni dai kwamba bila kumpeleleza mchezaji hakuna biashara. Mabango yalilipa kwa miaka mingi kabla ya kuota macho.

Nchi zetu zimeshatunga sheria, na ni bora kuliko zile ambazo Wamarekani walikuwa nazo mwaka 2006. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Uganda na Kenya zilitunga zao mwaka 2019, Rwanda 2021. Kwenye ya Kenya nataka kusimama kidogo, kwa sababu kifungu chake cha 32 kinajibu kikaratasi cha Battlefield 2142 karibu neno kwa neno. Kinamtwika anayekusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Kinampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Na kinasema kwamba katika kupima kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, itaangaliwa iwapo mtu aliwekewa sharti: kubali taarifa zako zitumike kwa jambo lisilohitajika kwa huduma hii, au huduma ukose. Gemu ya kuangusha pini haihitaji maikrofoni ili pini zianguke. Kifungu cha 33 kinakataza kutumia taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa ikiwepo, matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya imeshaonyesha kwamba kifungu hicho kina meno. Mwaka 2023 ilitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Picha kwenye tangazo la shule mzazi anaiona kwa macho yake, anakasirika, analalamika. Namba inayomtambulisha mtoto kwenye mnada wa matangazo haionekani na mtu, na hapo ndipo penye kazi ngumu zaidi kwa ofisi hizi. Haitoshi kukaa zikisubiri malalamiko. Zichukue gemu 20 zinazopakuliwa zaidi na watoto wa nchi husika, zizifungue maabara, zitazame kila moja inazungumza na seva zipi na inapeleka nini, kisha zitangaze majina. Utaalamu wa kufanya hivyo upo katika vyuo vikuu vyetu, na vifaa vyake si vya gharama ya kutisha.

Mzazi naye hana haja ya kusubiri maabara. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio, sehemu ya Google, chini ya matangazo, kuna mahali pa kufuta kitambulisho cha matangazo. Kikifutwa, namba ambayo kampuni huitumia kuunganisha gemu moja na nyingine inatoweka. Katika sehemu ya ruhusa za programu ataona ni gemu zipi zimeruhusiwa kutumia maikrofoni na mahali ilipo simu, na anaweza kuzizima moja moja. Gemu itakayokataa kufunguka kwa sababu imenyimwa maikrofoni isiyoihitaji, apige picha ya skrini, aandike jina la mtengenezaji na tarehe, na aipeleke kwa Tume Dodoma au kwa Kamishna Nairobi kama malalamiko rasmi. Kwa Kenya, baada ya hapo ni mtengenezaji atakayetakiwa kuthibitisha kwamba aliuliza, na kwamba aliyemjibu alikuwa mzazi.